Gari la Marehemu Lililoingia Maji



Wasomaji watukufu, juma hili nitajibu swali moja tu, kwa kuwa ndani ya swali hilo yamejikunja maswali mengine matano au sita, na nadhani nyumba nyingi za pwani yetu, kuanzia Mombasa hadi Lamu, zitajiona humo.

Dada mmoja wa upande wa Garsen ameniandikia. Mumewe amefariki, Mwenyezi Mungu amrehemu, akaacha watoto watatu wadogo, wavulana wawili na msichana mmoja, na mama yake mzazi aliye hai. Mali kubwa aliyoacha ni gari: Land Cruiser V8 aliyoinunua ikiwa imetumika, zama alipokuwa na kazi ya kipato kizuri. Mwishoni mwa mwaka 2023, Mto Tana ulipofurika na maji yakaifunika barabara ya Lamu pale Gamba na Lango la Simba, gari hilo lilikutwa na maji yakaingia mpaka kwenye viti. Lilikokotwa hadi Malindi, likafunguliwa, likakaushwa, likawaka tena. Hivi sasa, na eda yake haijesha, shemeji yake amemletea dalali kutoka Mombasa. Dalali anataka kulichukua kwa milioni mbili taslimu, na amemwambia, “Bibi, habari ya maji usiitaje.” Pia ipo yadi iliyo tayari kulipokea gari hilo, impe gari dogo na pesa kidogo juu yake. Anauliza, je, auze? Aseme habari ya maji au anyamaze?

Dada yangu, kabla ya kuzungumza bei na maji, kuna jambo lililo mbele ya yote hayo, nalo ni gari kuwa na wenyewe. Tangu roho ya mumeo ilipotoka, gari lile si lake tena, wala si lako peke yako, wala si la nduguye. Ni la mirathi. Kwanza hutolewa gharama za maziko, kisha madeni, kisha wasia usiozidi theluthi, ndipo warithi wagawane. Na katika madeni hayo lipo moja ambalo wanawake wengi huona haya kulitaja wakati wa msiba: mahari ambayo mume hakuilipa. Mahari iliyobaki ni deni kama deni la duka au la fundi. Hulipwa kabla ya mirathi kugawanywa, na kuidai si ukosefu wa adabu kwa marehemu, bali ni kumpunguzia mzigo.

Tupige hesabu ya mfano ili jambo lionekane kwa macho. Tuseme gari limeuzwa kwa shilingi 4,950,000. Fundi alikuwa akidai 100,000, na mahari iliyobaki ni 50,000. Zimesalia 4,800,000. Mke, kwa kuwa kuna watoto, hupata thumuni, yaani 600,000. Mama wa marehemu hupata sudusi, 800,000. Zinazobaki, 3,400,000, ni za watoto: kila mvulana 1,360,000 na msichana 680,000. Nduguye marehemu, akiwapo mtoto wa kiume, harithi hata senti. Huyo shemeji aliyemleta dalali, kwa mujibu wa swali lenyewe, hana fungu katika gari hilo. Anaweza kuwa mtu mwema anayetaka kumsaidia mjane wa nduguye, na wako wengi wa namna hiyo, Mwenyezi Mungu awalipe. Lakini msaada si umiliki.

Hapa kuna hukumu ambayo nimeona watu wazima, hata wanaosali safu ya mbele, hawaijui. Katika madhehebu yetu ya Shafi, mwenye mamlaka juu ya mali ya mtoto mdogo ni baba yake, kisha babu mzaa baba, kisha yule aliyeusiwa na baba au babu, kisha kadhi. Ami hayumo katika orodha hiyo. Mama naye hayumo kwa umama wake pekee, isipokuwa ameusiwa au kadhi amemteua. Basi hapo Garsen, ikiwa babu hayuko hai na marehemu hakuacha wasia, si shemeji wala si wewe mwenye haki ya kuiuza sehemu ya watoto kwa kauli ya mdomo. Nenda kwa kadhi akuteue. Katiba ya mwaka 2010, katika kifungu cha 170, imewapa makadhi kusikiliza mambo ya mirathi ya Waislamu wanaokubali kufika mbele yao, kwa hiyo hutakuwa unaomba fadhila, utakuwa unafuata njia iliyowekwa.

Na njia hiyo ndiyo inayotakiwa na serikali pia. Kifungu cha 8 cha Sheria ya Trafiki kinamhesabu mwenye gari kuwa ni yule ambaye jina lake limo katika sajili, mpaka ithibitishwe vinginevyo. Logibuku ya gari lile ina jina la marehemu. Marehemu hawezi kutia sahihi. NTSA itahitaji hati ya mahakama inayomtaja msimamizi wa mirathi ndipo jina libadilishwe. Nasikia siku hizi wako watu wanaoichukua simu ya marehemu na nenosiri lake la eCitizen, wakaliuza gari kana kwamba mwenyewe angali hai. Huo ni uongo ulioandikwa, na mnunuzi atakapofikishwa mahakamani, wa kwanza kuitwa atakuwa mjane.

Sasa tuje kwenye maji.

Wenyeji wa Tana hawahitaji kufundishwa mto wao. Wanaikumbuka El Niño ya mwaka 1997 iliyouharibu mradi wa mpunga wa delta, wanayakumbuka mafuriko ya 2018, na haya ya juzi. Mto ukirudi kitandani mwake huacha tope laini lenye rutuba mashambani, na hiyo ni neema. Lakini tope hilo hilo likiingia katika gari la kisasa ni maradhi ya kudumu. Magari haya makubwa ya fahari yana kompyuta ndogo ndogo nyingi, nyingine zimekaa chini, karibu na zulia. Nyaya zake zimefungwa pamoja kama mtandio uliosokotwa. Maji yakikauka juu, ndani ya viungio vya nyaya kutu huanza kula polepole. Gari huwaka leo, likaenda Mombasa na kurudi salama, na baada ya miezi sita taa za dashibodi zikaanza kuwaka zenyewe, breki zikagoma, gia ikakwama njiani. Kadiri gari lilivyo la ghali, ndivyo ugonjwa huu ulivyo wa ghali. Probox iliyoloa maji hupata fundi Garsen hapo hapo, lakini V8 iliyoloa humpeleka mwenyewe Malindi, kisha Mombasa, kisha kwa mkopeshaji.

Aibu hii inafichika kwa urahisi, na kwa hiyo hukumu yake ni nzito. Mtume (s.a.w.) alipita sokoni akaona rundo la chakula. Akaingiza mkono ndani yake, vidole vikakuta unyevu. Alipomuuliza mwenyewe, akasema ni mvua iliyokinyeshea. Mtume akamuuliza kwa nini hakuuweka unyevu huo juu ili watu wauone, kisha akatoa lile onyo tunalolijua sote juu ya mwenye kughushi. Zingatieni kwamba mtu yule hakukilowesha chakula chake. Mvua ilitoka mbinguni, kama mto ulivyofurika kwa amri ya Mola wake. Hakulaumiwa kwa mvua. Alilaumiwa kwa kulificha lililoloa chini na kulipanga lililokauka juu. Basi dalali aliyesema “usiitaje” anamwomba mjane afanye jambo lile lile, tofauti ni kwamba pale palikuwa na nafaka na hapa pana zulia jipya na manukato ya gari.

Ndugu zetu Waorma na Wawardei wanaouza ng'ombe katika mnada wa Garsen wataielewa hukumu hii haraka kuliko watu wa mjini. Kuna mchezo wa kale wa wafugaji, wa kumwacha mnyama siku mbili tatu bila kukamuliwa, ili mnunuzi aone kiwele kimejaa adhani kila siku ndiyo hivyo. Mtume (s.a.w.) aliukataza, na akampa aliyedanganywa hiari ya kumweka mnyama au kumrudisha pamoja na pishi ya tende badala ya maziwa aliyoyakamua. Mwenye kupunguza kilomita katika dashibodi ya gari, likasoma 70,000 ilhali limekwenda 250,000, amefanya nini kama si kufunga kiwele? Mnunuzi anatazama namba, adhani nguvu zote bado zimo ndani.

Watasema, “Sheikh, sisi huandika katika karatasi kwamba gari limeuzwa kama lilivyo, na mnunuzi akatia sahihi.” Imamu Nawawi katika Minhaj amelizungumza sharti la muuzaji kujitoa katika aibu zote. Kauli yenye nguvu katika madhehebu ni kwamba sharti hilo humwokoa muuzaji katika aibu ya ndani ya mnyama ambayo yeye mwenyewe hakuijua, wala halimwokoi katika nyingine. Sababu ni kuwa mnyama hula na kunywa akiwa mgonjwa au mzima, na maradhi ya tumboni mwake huenda yakamficha hata mwenye kumchunga. Gari si mnyama. Na muuzaji huyu anajua, kwa kuwa alilipia fundi alikaushe. Karatasi haimfanyi asijue.

Anayejua anawajibika kusema, hata asiyekuwa muuzaji. Wanazuoni wetu wamemtaja mtu wa nje aliyeiona aibu, kwamba naye humlazimu kumwambia mnunuzi. Fundi aliyelikausha gari lile, akiulizwa na mnunuzi kwa simu, hana ruhusa ya kusema “liko sawa” kwa ajili ya ujirani.

Hivyo dada yangu, sema. Sema kwa maneno yaliyo wazi: mwezi fulani, maji yalifika viti, yafuatayo yalibadilishwa, haya hayakubadilishwa. Iandike katika mkataba. Usimwambie dalali peke yake ukadhani umemaliza, kwa sababu dalali si mnunuzi, na huenda asiifikishe. Ndiyo, bei itashuka. Pengine badala ya hiyo 4,950,000 ya mfano wangu utapata pungufu ya milioni moja au zaidi. Lakini utakazopata zitakuwa zenu. Anayenunua V8 iliyofichwa maji ana hiari ya kuirudisha akigundua, na fedha zile zitadaiwa kutoka mikononi mwa mayatima, na wakati huo huenda zimekwisha kuliwa kwa karo.

Kwa upande wa pili, ninyi mnaonunua, msitegemee uaminifu pekee. Vuta mkanda wa kiti mpaka mwisho wake, kwani watu huosha sehemu inayoonekana na kuisahau iliyojikunja ndani, na alama ya tope husalia pale. Inua zulia la buti, tazama tundu la gurudumu la akiba. Tazama reli na misumari ya viti chini, kutu ya hapo haiji kwa jua. Nusa gari likiwa limefungwa madirisha kwa saa moja juani. Taa za mbele zikiwa na ukungu kwa ndani, uliza. Na mkigundua aibu baada ya kununua, katika madhehebu yetu hiari ya kurudisha ni ya papo hapo. Ukiijua leo, ukaendelea kulipeleka harusini Witu na Kipini wiki mbili, umeridhika nalo, na haki ya kulirudisha imekuponyoka.

Nirudi kwenye zile milioni mbili za dalali. Mimi si dalali wa magari, lakini hata mimi najua kwamba V8 inayotembea haiuzwi kwa bei hiyo kwa mtu aliyeulizia. Na sheria hapa ina ukali ambao wajane wapaswa kuujua mapema: katika madhehebu ya Shafi, kuuza kwa bei ya chini kwa kutojua thamani, ikiwa hakukuwa na udanganyifu, hakukupi peke yake haki ya kuvunja mauzo. Aibu ya kitu inarudisha kitu, ila bei mbaya hairudishi. Mtume (s.a.w.) alikataza watu kutoka nje ya mji kuipokea misafara na kununua kabla wenye bidhaa hawajaijua bei ya soko. Hali ya dada huyu si hiyo hasa, maana yumo nyumbani kwake, lakini sababu ya katazo inafanana sana: mmoja ameijua bei ya Mombasa, mwingine hajaijua, na mwenye kujua ndiye mwenye haraka.

Tazameni alivyokuwa Jarir bin Abdullah al-Bajali (r.a.). Imamu Nawawi ameitaja habari yake katika sherehe ya Sahihi Muslim. Mtumishi wake alimnunulia farasi kwa dirhamu 300 na kumleta pamoja na mwenyewe ili alipwe. Jarir akamwambia mwenye farasi kwamba farasi wake ni bora kuliko bei hiyo, akampandishia mia baada ya mia mpaka akamlipa 800. Farasi ndiye aliyekuwa gari la fahari la siku zile. Mnunuzi mwenyewe ndiye aliyemzindua muuzaji, kwa kuwa alikuwa amempa Mtume ahadi ya kumtakia kila Mwislamu mema. Sitaraji dalali wa leo apandishe bei kwa hiari yake. Lakini shemeji wa mjane, huyo nataraji.

Basi usiuze kwa mnunuzi wa kwanza. Mtume kijana mwaminifu, awe nduguyo au binamu, aulize yadi tatu za Mombasa na mbili za Malindi, kila moja ikiambiwa habari ya maji. Jua pia kwamba magari ya injini kubwa, lita nne na nusu, hayana wanunuzi wengi. Hunywa mafuta, na vipuri vyake si vya bei ya Garsen. Litakaa sokoni. Kukaa miezi miwili na kupata bei ya haki si hasara, mradi lisiendeshwe. Hili naliona sana: gari la mayatima “linauzwa”, huku kila Ijumaa linakwenda Malindi na marafiki wa ami. Kilomita zile, magurudumu yale, ni mali ya watoto inayoliwa.

Kuhusu kulibadilisha kwa gari dogo, jibu ni fupi. Gari kwa gari na pesa juu yake ni halali, si riba, kwa sababu kwa Shafi riba ya kuzidisha imo katika dhahabu, fedha na vyakula, na gari si katika hivyo. Lakini uwe ununuzi mmoja ulio wazi: gari hili, kwa gari lile pamoja na kiasi fulani. Kila moja lijulikane bei yake, maana yadi nyingine hulisifu lako na kulipandishia bei, kisha wakalipandisha lao mara mbili. Ikiwa wewe ndiye wa kuongeza pesa na ukashauriwa kukopa kwa riba, kataa. Na kumbuka kwamba gari dogo hilo nalo litakuwa la warithi wote, kila mmoja kwa fungu lake. Ukilitaka liwe lako, hesabu thumuni yako kwanza, na kwa fungu la watoto kadhi aridhike kwamba ni maslahi yao.

Siku ya kuuza, fedha zipite benki, mbele ya mashahidi wawili. Mnunuzi afanye upekuzi wa kumbukumbu za gari NTSA aone kama halina rehani ya mkopo wowote. Sheria inamtaka mwenye jina amjulishe msajili ndani ya siku 7, na gari lisitembee barabarani zaidi ya siku 14 bila ya jina jipya. Usimpe mtu karatasi uliyoitia sahihi ikiwa tupu.

Limebaki la eda. Aliye edani hakatazwi kuuza wala kununua. Anachotakiwa ni kukaa nyumbani mwake kwa miezi minne na siku kumi, na akiwa na haja ya mchana hutoka. Hata hivyo hakuna anayemlazimisha auze ndani ya siku hizo, na dalali anayesema “leo au basi”, mwache aende. Akitaka kumtuma mtu, kadhi akishamteua, amweke wakala na amtajie bei ya chini kabisa asiyoruhusiwa kuishusha. Na wakala huyo, awe shemeji au mwingine, hana ruhusa ya kujiuzia mwenyewe gari hilo, wala kumuuzia mwanawe mdogo aliye chini yake, hata kwa bei ile ile ya soko. Kama shemeji analitaka gari, asiwe wakala. Aje kama mnunuzi, aambiwe habari ya maji kama wengine, na alipe.